Minyoo tuliyokuja nayo: maelezo kidogo juu ya nematodi na maradhi yake



Kwa muda mrefu nimekuwa nikiahidi kuandika juu ya minyoo, na kila nikikaa kuandika naona aibu, manake haya ni mazungumzo ya choo na sisi tumelelewa mambo ya choo tusiyalete barazani. Leo nimeamua. Wengi wetu tuliotoka nyumbani miaka ya 1960 na 1970 sasa tumefika umri wa kuandikiwa dawa za pumu, za baridi yabisi, za saratani, na miongoni mwa dawa hizo imo moja, steroidi, ambayo ikikutana na mnyoo fulani mdogo tuliokuja nao kutoka kwetu inaweza kummaliza mtu kwa wiki chache tu. Ami yangu alikwenda hivyo, mwaka 2009. Nitafika kwake. Lakini kwanza tuujue ukoo wa mdudu mwenyewe, la sivyo mengine hayataeleweka.

Katika Kiswahili chetu neno mnyoo limebebeshwa mizigo mingi. Nyungunyungu wa shambani tunamwita mnyoo, tegu tunamwita mnyoo, mchango wa tumboni nao ni mnyoo. Wanazuolojia wanawatenganisha hawa kabisa, kama unavyotenganisha papa na nyangumi. Nyungunyungu mwili wake ni pingili pingili. Tegu ni bapa kama utepe, hana mdomo wala utumbo, chakula anakifyonza kwa ngozi. Kichocho, ambacho watu hukitia humu humu, kinaletwa na mnyoo bapa wa jamii nyingine. Nematodi ni kabila lake peke yake: mviringo kama uzi, hana pingili, amechongoka huku na huku, ana mdomo mwanzo na tundu ya kutolea taka karibu na mwisho. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la uzi. Na hapa kuna mtego wa lugha ambao umeshawaponza wakalimani: kwetu chango ni utumbo, mchango ni mnyoo wa tumboni, na waganga wetu wanalitumia neno hilo hilo kwa maumivu ya hedhi na kwa mwanamke asiyepata mtoto. Bibi kizee akimwambia daktari wa kigeni "nina mchango", mkalimani kijana aliyezaliwa huku anaweza kutafsiri lolote.

Sasa mwili wake. Ukimkata nematodi kwa upana ukamtazama kwenye hadubini unaona mrija ndani ya mrija. Mrija wa nje ni ngozi yenye gamba laini lakini imara, wa ndani ni utumbo, na katikati mna maji yaliyobanwa kwa nguvu kama upepo ndani ya tairi. Ubano huo ndio mifupa yake. Misuli yake yote imelala kwa urefu, hana hata mmoja wa kuzunguka mwili, kwa hiyo hawezi kujifupisha na kujirefusha kama nyungunyungu. Anachoweza ni kujipinda, upande mmoja ukivuta mwengine unalegea, ndiyo ile herufi S mnayoiona. Kwa kuwa ndani mna ubano, chakula hakiwezi kuingia chenyewe, basi kooni ana pampu ya misuli inayosukuma tonge ndani. Kingine kinachonifurahisha mimi kila mwaka nikikisomesha: kwetu sisi mshipa wa fahamu ndio unaoufuata msuli ulipo, lakini kwa nematodi msuli ndio unaonyoosha mkono kuufuata mshipa wa fahamu.

Anakua kwa kujivua gamba mara 4. Katika nematodi wengi wanaotuingia kutoka udongoni, kiluwiluwi wa hatua ya 3 ndiye wa kuogopa. Huyo hali, hakui, anasubiri tu. Akipata ngozi ya mtu anaingia, asipopata anakufa akiba yake ikimalizika.

Msije mkadhani wote ni maadui. Walio wengi wanaishi zao udongoni na baharini, hawamjui binadamu. Mmoja wao, Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita 1 tu, na amewafundisha wanasayansi mambo ambayo hata panya hakuyafundisha. Sydney Brenner alimchagua kwa utafiti miaka ya 1960, na wenzake wakahesabu seli zake zote moja moja: 959 kwa mnyoo mzima mwenye jinsia mbili, na kati ya hizo 302 ni za fahamu. Mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza duniani kusomwa karibu jenomu yake yote, na mwaka 2002 Brenner, Sulston na Horvitz wakapewa Nobeli kwa kazi hiyo.

Tuje kwa wale wa nyumbani. Mchango mkubwa, yaani askari, huo mweupe unaofika hata sentimita 30, hakuna aliyekulia pwani asiyeuona. Jike moja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Mayai hayo yanatoka na choo, yanaiva udongoni, na yanaweza kukaa hai miaka. Mtoto akiyala na embe lisilooshwa, viluwiluwi vinaanguliwa utumbo mwembamba, halafu badala ya kukaa hapo hapo vinatoboa ukuta, vinakwenda na damu mpaka ini, kisha mapafu, vinapanda kooni, vinamezwa, vinarudi utumboni pale pale vilipotoka. Kwa nini safari yote hiyo? Wataalamu wanabishana, na mimi sitawaingilia. Ila ndiyo maana mtoto mwenye minyoo huweza kukohoa wiki 2 hivi kabla hajaumwa tumbo. Wakizidi wanafungamana kama kamba na kuziba utumbo, hapo ni kisu. Mnyoo mjeledi nitaupita haraka: nao unaingia kwa mdomo, unachomeka kichwa chake chembamba kwenye ukuta wa utumbo mkubwa, ukizidi unaleta kuhara damu.

Safura ni habari nyingine, manake huu hauingii kwa mdomo bali kwa nyayo. Aliyeligundua hilo aligundua kwa bahati mbaya. Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akiwatonesha wanyama wa maabara maji yenye viluwiluwi mdomoni, tone likamwagikia mkononi mwake. Mkono ukawasha, ukawa mwekundu. Akaanza kuchunguza choo chake mwenyewe, na baada ya wiki kadhaa akayakuta mayai ya safura. Mnyoo wenyewe ni kama sentimita 1, unauma ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mmoja si kitu, anakunywa sehemu ndogo ya mililita kwa siku. Mia mbili kwa miaka mitatu kwa mama mjamzito asiyekula vizuri, hapo ndipo unapomwona mtu viganja vyeupe na pumzi fupi. Neno safura asili yake ni Kiarabu, lina umanjano ndani yake, na nadhani waliolileta walikuwa wameutazama uso wa mgonjwa vizuri.

Matende na mabusha sihitaji kuyaeleza kwa watu wa Tanga, Mafia na Pemba. Mnyoo wake unakaa ndani ya mishipa ya limfu, na watoto wake wanatoka kwenye damu ya juu usiku tu, zaidi kati ya saa 4 na saa 8, saa za mbu. Patrick Manson aliona huko Amoy, China, mwaka 1877 kwamba mbu anawameza na wanakua ndani yake. Kwetu mbu wa mjini anazaliana vyooni, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi watafiti walimwaga punje nyepesi za polistirini, zile zile nyeupe zinazowekwa kwenye maboksi ya televisheni, juu ya maji ya mashimo ya choo. Zikaelea, mbu akakosa pa kutagia, na pamoja na dawa waliyopewa watu ugonjwa ukashuka sana. Fikra nyepesi kama ile sijaona nyingi. Baadae, kuanzia 2001, Zanzibar nzima ikawa inagaiwa ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka, kwa raundi 6 mpaka 2006, na raundi nyengine zikafuata miaka ya mbele. Huo mwaka 2001 uwekeni kichwani, nitaurudia.

Haya, sasa huyu wa kwangu. Anaitwa Strongyloides stercoralis. Nimeliandika jina kwa herufi zake za kisayansi makusudi, ili mtu alinakili kwenye karatasi ampelekee daktari wake. Kwa Kiswahili nitamwita strongiloidi. Alionekana kwanza mwaka 1876 pale Toulon, Ufaransa, katika choo cha askari waliorudi kutoka Indochina wakiharisha. Anaingia kwa ngozi kama safura, anapita mapafuni, anamezwa, anakaa utumbo mwembamba. Jike ana milimita 2, amejizika ndani ya ukuta wa utumbo, na hahitaji dume: anataga peke yake. Mpaka hapo hana ajabu. Ajabu yake ni kwamba mayai yanaanguliwa humo humo ndani. Kinachotoka na choo si yai, ni kiluwiluwi. Na baadhi ya viluwiluwi havina subira ya kutoka. Vinaivia njiani, vinatoboa utumbo mkubwa au ngozi ya makalio, vinaanza safari upya ndani ya mtu yule yule.

Tazameni maana yake. Mchango unaishi mwaka mmoja au miwili, kisha unakufa. Ukihama Pemba ukakaa Muscat au Cardiff miaka 5, mchango wa Pemba umekwisha wenyewe. Safura nayo ina mwisho wake. Lakini strongiloidi hana mwisho, kwa sababu kila kizazi kinajiambukiza upya mle mle. Ushahidi mzuri wa jambo hili uko hapa Uingereza. Askari wa Kiingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli ya Siam na Burma mwaka 1942 na 1943 walirudi makwao, wakaoa, wakastaafu, na walipopimwa Liverpool miaka ya 1970 na kuendelea, wengi walikutwa bado naye. Hawakuwa wamekanyaga tena udongo wa huko.

Na miaka yote hiyo mtu anaweza asijue. Tumbo linasumbua leo, kesho limetulia. Kikohozi kidogo. Muwasho. Dalili moja tu ndiyo inayomtambulisha, nayo ni mstari mwekundu unaowasha kwenye makalio, mapaja au kiuno, unaosogea sentimita kadhaa kwa saa na kesho haupo. Katika damu huonekana chembe nyeupe za aina ya eosinofili zimezidi kidogo, na daktari wa Ulaya akiziona anaandika: mzio.

Ami yangu alizaliwa Wete, akatoka mwaka 1972. Tangu nina akili namsikia akisema "mdudu wangu kapita", akijikuna kiunoni, na sisi watoto tukicheka. Hapa Uingereza alionwa ana pumu ya uzeeni. Majalada yake, ambayo niliyasoma baadae, yanaonesha eosinofili zilizozidi kwa miaka 11, na kila mara imeandikwa pumu, mzio. Hakuna aliyemuuliza alizaliwa wapi, au aliulizwa na jibu likabaki kwenye fomu. Baridi ya mwaka 2009 kifua kikambana, akapewa prednisoloni za kutosha, akapata nafuu, akapewa tena. Steroidi inafanya mambo mawili kwa mnyoo huu: inalaza ile kinga iliyokuwa ikimdhibiti, na yaonekana inawahimiza viluwiluwi kuiva haraka ndani ya utumbo. Walewale waliokuwa makumi wakawa maelfu. Wakitoboa utumbo wanatoka na bakteria wa choo migongoni mwao, wanawatia kwenye damu, mapafu, mpaka ubongo. Ami akaanza kutapika, tumbo likavimba, madoa ya zambarau yakatoka kuzunguka kitovu, homa ikapanda. Wakampa antibiotiki, na kifua kilipozidi wakamwongeza steroidi. Siku ya 9 fundi mmoja wa maabara, mtu wa Ghana, akatazama makohozi akitafuta kifua kikuu na akaona vitu vinajipinda. Ivermektini ililetwa kutoka hospitali nyengine jioni ile. Ami alifariki usiku wa pili yake.

Mimi kazi yangu ni kusomesha wadudu. Kiunoni mwake nilikuwa nimekuona kwa macho yangu.

Msiniambie ni tukio la mmoja. Madaktari wanaojua wanaliita jambo hili kwa jina lake, na asiyetibiwa hapo karibu hakika hufa, na hata wanaotibiwa wengi hawaponi. Mwaka 2020 ilipoonekana kwamba deksamethasoni inaokoa wagonjwa mahututi wa korona, wataalamu wa maradhi ya nchi za joto wakaanza kutoa onyo: aliyetoka nchi za strongiloidi apimwe au apewe dawa. Wanaopandikizwa figo na wanaopewa dawa za saratani wamo humo humo. Kuna na kirusi kiitwacho HTLV-1 ambacho nacho kinamfungulia mlango.

Najua swali linalokuja: mimi nikienda likizo nyumbani nameza dawa ya minyoo, kwani haitoshi? Haitoshi. Kile kidonge kimoja cha albendazoli au mebendazoli wanachopewa watoto wa skuli kinaua mchango vizuri, safura kiasi, strongiloidi hakimmalizi. Hili limepimwa kwetu wenyewe. Utafiti wa watoto wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha dozi moja ya ivermektini na siku 3 za albendazoli: ivermektini iliponesha 83 katika 100, albendazoli 45. Dawa hizi zinaua kwa njia mbalimbali. Albendazoli inavuruga nyuzi za ndani ya seli za mnyoo ukashindwa kula sukari, unakufa polepole kwa njaa. Ivermektini inafungua milango ya kloridi kwenye fahamu na misuli yake, anapooza. Waliogundua asili yake, Satoshi Ōmura kutoka kwenye kijidudu cha udongo wa Japani na William Campbell, walipata Nobeli mwaka 2015.

Ndiyo maana nilisema muuweke mwaka 2001 kichwani. Aliyekuwepo Unguja na Pemba tangu hapo amemeza ivermektini mara kadhaa kwa ajili ya matende, na strongiloidi akapigwa humo humo bila kukusudiwa. Sisi tuliotoka 1964, 1972, 1985, hatukuwepo. Wakimbizi waliopelekwa Marekani walianza kupewa albendazoli kabla ya safari tangu 1999, na ivermektini ikaja baadae, lakini aliyekuja kwa viza ya masomo au kwa kuolewa hakupewa chochote.

Basi cha kufanya. Kabla ya kuanza steroidi za vidonge kwa zaidi ya siku chache, au dawa yoyote ya kushusha kinga, mwambie daktari ulizaliwa wapi na ulitembea miguu mitupu, na mwombe kipimo cha damu cha kingamwili za strongiloidi. Kipimo cha choo cha mara moja kisikudanganye, viluwiluwi ni vichache na hukosekana mara nyingi. Wala eosinofili zikiwa sawa usitulie, manake steroidi yenyewe inazishusha. Mwenye pampu ya kuvuta ya pumu asiitupe kwa kusoma haya. Ninazungumza vidonge na sindano, na hata hivyo usiache dawa bila daktari. Akipatikana naye, tiba ni ivermektini mikrogramu 200 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni vidonge 4 vya miligramu 3, na wengi hurudia baada ya wiki 2. Wenzetu wa Kongo wana tahadhari yao peke yao: huko misituni kuna mnyoo mwengine, Loa loa, ule unaopita jichoni, na mwenye nao wengi damuni akipewa ivermektini anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Huyo apimwe damu ya mchana kwanza. Na tafadhali, ile ya farasi, ambayo watu Marekani waliinunua mwaka 2021 kwa ajili ya korona, iacheni kwa farasi.

Baada ya mazishi nilimpigia simu ami yangu mdogo, yuko Muscat, wamelala kitanda kimoja na marehemu utotoni. Kwanza alikasirika, akasema mtu mzima haambiwi ana minyoo. Mkewe ndiye aliyempeleka. Kipimo kilirudi na jibu la kuwa naye, miaka 40 na kitu baada ya kutoka Wete. Alimeza vidonge 5, ni mtu wa kilo, akarudia baada ya wiki 2, na mwaka uliofuata alipopimwa tena kingamwili zilikuwa zimeshuka sana. Binti yake ananambia siku hizi hajikuni.